Flapu za Mzee Pruett

Muhsin Faki Hamad alizaliwa Wete, Pemba, katika nyumba ambayo neno "hapana" halikupata kukaribishwa hata siku ya sikukuu. Mkubwa akikuita, unaitika naam. Mgeni akikuuliza kama njia hii inakwenda Konde, unasema ndiyo, hata kama inakwenda baharini, maana kumkatalia mgeni ni utovu wa adabu, na bahari ataiona mwenyewe akifika. Kwa naam hiyo Muhsin alipewa kazi ya kupima karafuu. Kwa naam hiyo akaozwa Sheikha, binti wa jirani. Kwa naam hiyo hiyo akakiunga mkono chama ambacho hakikushinda, na mwaka 2001 akajikuta anaondoka Pemba kwa mwendo wa kasi kuliko alivyokusudia. Alipofika Landani, afisa wa uhamiaji alimuuliza kama ameelewa maelezo yote aliyosomewa. Akasema ndiyo. Miaka ishirini na minne sasa hajayaelewa, lakini pasipoti anayo.

Leo ana miaka hamsini na minane, anaishi Edmonton, kaskazini mwa Landani, ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake huugua mara nyingi kuliko wapangaji. Jamaa zake wa Wete wanajua kwamba yuko "sekta ya afya." Ni kweli. Anaosha wazee. Anawavalisha soksi, anawapikia uji wa shayiri, anawahesabia vidonge, na kila mzee amepewa nusu saa, safari ya chooni ikiwa ndani yake. Ejensi inayomwajiri ina kaulimbiu juu ya utu iliyochapishwa mgongoni mwa fulana, mahali ambapo mvaaji hawezi kuisoma.

Kila ziara inafungwa kwa simu. Unafungua apu, nayo inauliza swali moja tu: "Je, mteja yuko salama?" Kuna kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Ukibonyeza kijani, unakwenda zako. Ukibonyeza chekundu inafunguka fomu ya kurasa kumi na moja, kisha anakupigia simu meneja, Kamal, kukuuliza kwa upole kama una uhakika. Hakuna mtu aliyewahi kubonyeza chekundu. Kuna makea, watunza wazee wenzake, wanaoamini kitufe hicho ni pambo.

Mteja wake wa asubuhi alikuwa Mista Pruett, miaka mia moja na mmoja, mtaa wa nyumba zilizounganika kama meno, mwendo wa basi moja kutoka kwa Muhsin. Mkewe amekufa. Mtoto hakupata. Mpwa wake yuko Australia na humtumia kalenda yenye picha za kangaruu, inayofika mwezi wa pili. Mzee alikuwa na akili kali, masikio mabovu na miguu isiyokubali amri. Mwezi wa pili huo huo alianguka ukumbini akalazwa wiki tatu, na tangu hapo kaunsili, serikali ya mtaa, ikaanza kujiuliza kama mtu wa umri huo aachwe peke yake na jiko la gesi. Iliamuliwa kwamba soshowaka, mtu wa ustawi wa jamii, atakuja kumkagua. Jumanne, saa nne asubuhi, wiki moja baada ya sherehe za miaka themanini ya kwisha Vita Vikuu vya Pili. Akifaulu, anabaki kwake. Akifeli, anapelekwa nyumba ya wazee.

"Wanizike pale nyuma, karibu na mapipa ya taka," Mista Pruett alisema aliposomewa barua. "Huko siendi."

"Naam, bwana," Muhsin akajibu.

Sasa lazima nieleze habari ya moto. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, kabla hajaanguka. Muhsin alifika asubuhi akakuta jikoni kunanuka sufi iliyoungua. Mzee alitaka kuchemsha maziwa, akasahau maziwa, akainama juu ya moto kutafuta miwani iliyokuwa usoni kwake, na mkono wa joho lake la nyumbani ukashika moto. Alikuwa ameuzima mwenyewe kwenye sinki. Ngozi ilipona. Joho lilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani.

"Hukuona kitu," Mista Pruett alimwambia.

"Sikuona kitu, bwana."

Muhsin akalitia joho kwenye mfuko, akalipeleka kwenye pipa la mtaa wa pili, akamhesabia mzee vidonge vyake, akafungua apu akabonyeza kijani. Mahali pa maelezo aliandika: "Amekula vizuri." Unamwandikaje mzee wa watu kwamba anajichoma? Wete huwezi kumwandika hivyo hata mchawi. Mwezi wa tatu gesi iliachwa wazi bila moto. Kijani. Mwezi wa nne maji ya bafu yakashuka ngazi hadi mlangoni. Kijani, na Muhsin akapiga deki kwa muda wake mwenyewe.

Halafu ikaja sherehe. Mtaa mzima ukatundika vibendera. Watu ambao kwa miaka kumi hawakumjua Mista Pruett ila kwa pipa lake waligundua kwamba wanaye shujaa, kwa sababu gazeti la mtaa liliandika kwamba alikuwa injinia wa ndege katika madege ya mabomu, yale ya injini nne. Diwani mmoja akaja na mpiga picha na keki. Juu ya keki kulikuwa na ndege ya sukari, kubwa, ya kijani na kahawia, imeinua pua.

Mista Pruett aliivalia miwani akaitazama kwa muda mrefu. Diwani akadhani mzee anataka kulia, akamwashiria mpiga picha asogee.

"Flapu," Mista Pruett akasema.

"Naam?" diwani akauliza.

"Flapu za nyuma ya bawa. Umezishusha zote mpaka chini. Hivyo ni kwa kutua. Ndege yako inaruka, mama, na imejaa. Keki hii itaua watu saba."

Diwani alicheka kwa nguvu ya watu wanaohitaji kura, akakata bawa, akala.

Walipoondoka Muhsin alibaki kuosha sahani, na kwa adabu, si kwa kutaka kujua, akauliza flapu ni kitu gani. Lilikuwa kosa. Mista Pruett alimtuma juu akalete kikaushia nywele cha marehemu mkewe. Akakata ubao wa boksi la nafaka kwa kisu cha mkate, akaukunja kidogo, akaupitishia penseli katikati, akamwambia Muhsin awashe upepo.

"Hili bawa. Halijakunjwa nyuma. Unaona? Linanyanyuka, lakini linataka kasi. Sasa." Akaukunja ukingo wa nyuma kidogo kwenda chini. Ubao ukaruka juu kama uliofinywa. "Digrii kumi na tano. Mzigo wa kawaida, uwanja mrefu, zinatosha. Uwanja mfupi na tani thelathini, unashusha ishirini na tano. Unanyanyuka mapema. Na hizi hapa ni sitini." Akaukunja wima. Ubao ukatikisika, ukarudi nyuma, ukamwangukia mapajani. "Zinakuvuta kama mke. Kunyanyua zinanyanyua, lakini kwenda huendi."

"Kwa hiyo ishirini na tano ndiyo dawa," Muhsin alisema, kikaushia kikimuunguza kidole.

"Ishirini na tano ni mkopo, kijana. Umenyanyuka kwa nguvu isiyokuwa yako. Na hapo ndipo mjinga anapokufa, kwa sababu anataka kulipa yote mara moja. Ukizirudisha juu zote kwa mkupuo, ndege inazama. Unangoja mpaka ufike futi mia tano. Kisha kidogo kidogo. Ishirini. Ngoja. Kumi na tano. Ngoja."

Muhsin akazima upepo. Simu ilikuwa mezani, ziara imekwisha, apu imeuliza swali lake, na Muhsin akabonyeza kama kawaida.

"Umebonyeza nini hapo?" mzee akauliza. Macho yake yalikuwa bado mazima.

"Kijani, bwana. Kwamba uko salama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata siku ile ya joho?"

"Hata siku ile."

Mista Pruett alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Muhsin akamshika mgongo. "Wewe," alisema akijifuta mate, "ungekuwa injinia mzuri sana wa ndege. Ungeua watu wengi."

Ndipo akaeleza, akiutazama ule ubao. Alikuwa na miaka ishirini, mtoto wa fundi bomba wa gesi wa hapa hapa Edmonton, amesimama kuume kwa rubani aitwaye Ashcombe, miaka ishirini na miwili, mtoto wa watu wenye nyumba iliyo na jina badala ya namba. Njia ndefu ya kurukia ilikuwa imechimbika. Wakapewa ile fupi. Wakashusha flapu ishirini na tano, sawasawa na kitabu. Ndege ikaacha ardhi ua la mwisho likipita chini ya magurudumu. Wakiwa futi mia moja, mwendo ukiwa mdogo, Ashcombe akataka kasi. Akasema, "Flapu juu."

"Nilijua," Mista Pruett alisema. "Rubani anaendesha, lakini mwenye mkono kwenye flapu ni mimi. Kazi yangu pale ilikuwa moja tu: kumwambia bado, bwana, subiri. Maneno matatu. Nikasema, 'Ndiyo, bwana,' nikausukuma mpini wa flapu juu wote."

Ndege ilizama kwenye shamba la viazisukari. Bomu kubwa halikulipuka. Mafuta ndiyo yaliyowaka. Watano walikufa. Walibaki yeye na mpiga bunduki wa mkiani, ambaye hakupata kujua kilichotokea kwa sababu alikuwa anatazama nyuma. Uchunguzi ukafanyika. Afisa mmoja mwenye kalamu akamuuliza kama flapu zilitumiwa kwa kufuata kitabu.

"Nikasema ndiyo tena. Wakaandika injini ndiyo iliyofeli. Mama yake Ashcombe akaniandikia kadi kila Krismasi, kunishukuru kwa kuwa na mwanawe dakika za mwisho. Mpaka mwaka sabini na moja. Ishirini na saba, zile kadi. Zote nilizijibu."

Muhsin akaukusanya ubao na penseli. Kwao mtu akikuambia msiba unasema pole, lakini pole hii ingekwenda kwa nani? Akasema, "Nikuletee chai?"

"Lete. Na Jumanne," mzee akaongeza, "yule mwanamke akikuuliza, umwambie kijani."

Jumatatu mchana, kabla Sheikha hajakwenda shifti yake ya ghala, Muhsin alimweleza mkewe yote, jikoni, huku akimenya mihogo. Sheikha alikuwa anafunga buti zake za kazi.

"Sasa wewe unaniuliza mie nini?" Sheikha alisema. "Mume wangu, wewe ukiulizwa kama umeshakufa, utasema ndiyo ili usimvunje mtu moyo."

"Nifanye nini, Sheikha? Akenda kule atakufa."

"Na akibaki?"

"Ataungua."

"Haya. Na wewe umeandika nini kwenye simu yao mwaka mzima?"

"Kwamba yuko salama."

"Lahaula." Akauacha ugwe wa buti. "Kwa hiyo kesho ukisema yuko salama, siku akiungua ni wewe uliyemchoma. Ukisema hayuko salama, watakwambia ulikuwa muongo tokea asubuhi ya kwanza. Wallahi, mtu mwengine anatafuta balaa kwa wizi, kwa pombe, kwa wanawake. Mume wangu mie kalipata kwa adabu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Mie najua? Mie nabeba maboksi." Mlangoni akageuka. "Yule babu ana majirani ukutani. Kuna mama mwenye pacha pale, si ulinambia? Gesi haichagui nyumba."

Jumanne saa nne kamili soshowaka akabisha. Aliitwa Hemali, msichana wa Kingsbury, bibi yake mzaliwa wa Tanga, na alipomwona Muhsin akamsalimia, "Shikamoo, mjomba," kwa lafudhi iliyopitia Gujarat na treni za Jubilee Line. Muhsin akaitika marahaba kwa furaha ambayo dakika chache baadaye aliijutia, kwa sababu sasa alikuwa mjomba wa mtu, na si rahisi kumdanganya mpwa.

Mista Pruett alikuwa amevaa tai. Aliulizwa mwaka, akautaja. Akaulizwa jina la waziri mkuu, akalitaja pamoja na tusi. Akaulizwa ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kutoa saba saba, akahesabu upesi kuliko Hemali alivyoweza kuzifuata kwenye karatasi. Akaombwa asimame, akasimama, akiwa ameshika kiti kama anayekibembeleza, akakaa kabla miguu haijamuumbua.

"Vizuri sana," Hemali akasema, na alimaanisha. Kisha akafungua kompyuta yake. "Na taarifa za ziara ndizo bora nilizowahi kuona. Mwaka mmoja uliopita, mia mbili na thelathini na nane, zote kijani. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu siko salama kiasi hicho." Akamgeukia Muhsin. "Imebaki saini yako, mjomba. Lakini lazima nikuulize kwa mdomo. Baina ya ziara na ziara, akiwa peke yake humu ndani, yuko salama?"

Mista Pruett alikuwa anamtazama. Mkono wake ulikuwa juu ya goti na kidole kimoja kilikuwa kinagonga, taratibu. Upande wa pili wa ukuta mmoja wa wale pacha alikuwa analilia kitu, na sauti ilipita matofali kana kwamba ni karatasi.

Muhsin akafungua kinywa. Neno alilolitaka hakulizoea, likakaa vibaya ulimini.

"Hapana," akasema.

Hemali akaacha kuandika. Muhsin akaendelea kwa haraka, kama mtu anayetapika, joho, maziwa, gesi ya mwezi wa tatu, maji ya ngazini, vitufe vyote vya kijani. Alipomaliza, Hemali alikuwa amejaza ukurasa mzima.

Mista Pruett akagusa kifaa chake cha sikioni. "Kasema nini?"

Hemali akamtazama Muhsin. Hakumsaidia, na hakupaswa kumsaidia.

"Kasema nini?" mzee akauliza tena, kwa sauti kubwa.

Kwa hiyo ilimbidi Muhsin ainuke, apite zulia, ainame kwenye sikio lililo afadhali, na kulisema upya kwa kelele, sauti ambayo hakupata kumpandishia mzee yeyote tangu azaliwe. "Nimesema wewe huko salama, Mista Pruett! Utaungua! Na wale watoto wa jirani wataungua!"

Kidole kikaacha kugonga.

"Tuko futi mia moja, kijana," mzee akasema. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ingekuwa nafuu kama ingekuwa ya hasira. "Hayo ungesema tulipokuwa chini. Mwezi wa kumi na mbili wangenipa jiko la umeme na kengele ya shingoni. Si ndiyo, bibi?"

Hemali alitazama karatasi zake. "Pengine," akasema. "Kwa tukio moja, pengine. Matatu, tena yamefichwa… hapana. Sitaweza."

Mista Pruett akageuza kiti chake, kwa taabu, inchi kwa inchi, hakuna aliyethubutu kukigusa, mpaka akaelekea ukutani.

Hemali aliondoka. Ziara ilikuwa na dakika kumi na moja zaidi, na apu haikuruhusu kutoka kabla ya wakati. Muhsin akaosha vikombe vitatu. Akavikausha. Akaviosha tena.

Ejensi haikumfukuza, kwa sababu waosha wazee hawapatikani. Kamal alimpigia simu, akamweleza kwa upole kwamba amehuzunika, akamtumia mafunzo ya video ya dakika arubaini kuhusu kusema ukweli kazini, ambayo mwishoni yanakuuliza kama umeelewa na hayakupi jibu ila moja. Makea wenzake walitumiwa ujumbe kukumbushwa kitufe chekundu. Kwa wiki mbili walikiogopa, kisha wakakizoea tena kama pambo.

Mista Pruett alichukuliwa Ijumaa, kwa gari dogo lenye ngazi ya umeme. Mama wa pacha alitoka kumpungia mkono. Alidhani anakwenda likizo, akamwambia Muhsin, aliyekuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kwamba ni vizuri wazee wapate hewa.

Mwezi wa sita, siku yake ya mapumziko, Muhsin alipanda basi mbili hadi ile nyumba ya wazee. Ilikuwa safi. Ilinuka kabichi na dawa ya sakafu, na ukumbini televisheni ilikuwa inawapikia watu waliosinzia. Alikuwa amechukua visheti alivyovipika Sheikha, vikiwa kwenye boksi la aiskrimu, vya moto bado. Mapokezini alikaa mwanamke wa makamo, mchangamfu, Haika kwa jina lililo kifuani, Mchaga bila shaka, na kwa kawaida wangeulizana habari za nyumbani robo saa nzima.

"Nimekuja kwa Mista Pruett," Muhsin alisema. "Nilikuwa kea wake."

Haika akafungua daftari. Kidole chake kikashuka, kikasimama, na uchangamfu ukamtoka usoni.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "jina lako kamili nani?"

Muhsin akamtajia.

Haika akaligeuza daftari ili aone, maana alikuwa mtu mwema na hakutaka aonekane amelitunga yeye. Kulikuwa na orodha ya wageni ambao mkaazi hataki kuwaona. Ilikuwa na jina moja. Miaka miwili mzee yule alimwita kijana, na alipolazimika kumwita jina alimwita Mason. Hapo lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe unaotetemeka, kwa herufi kubwa, Muhsin Faki Hamad, wala hakuna herufi iliyokosewa.

"Aliniuliza mimi kama ameliandika sawa," Haika akasema. "Alikuwa na karatasi ya ejensi. Alikaa nalo asubuhi nzima. Nikadhani anakuandikia barua."

Muhsin akamrudishia daftari. Kisha akauliza kama visheti vinaweza kuachwa kwa wafanyakazi, akaambiwa vinaweza, akaviacha, akatoka kwenda kusubiri basi.